Saa Saba za Kuifikia Sindano

Sindano yenyewe ilimalizika kabla sijahesabu hadi kumi. Daktari aliisukuma dawa kwenye mshipa wa mkono wa Mjomba, akaitoa sindano, akatazama saa ya ukutani na kuitaja kwa sauti ili muuguzi aandike: saa saba na dakika ishirini mchana. Maumivu yalikuwa yamemshika Mjomba tangu saa kumi na mbili asubuhi bila kumwachilia. Kutoka kitandani kwake Njiru hadi kitanda kile cha hospitali ni mwendo ambao Jumapili, barabara ikiwa tupu, mtu huumaliza kwa muda usiofika saa moja.

Mmekuwa mkiniuliza ilikuwaje, wengine kwa simu, wengine mkinisimamisha kwenye ngazi za kazini Makadara. Nimechoka kuisimulia vipandevipande, kwa hiyo naiandika yote mara moja, kituo kwa kituo. Mambo ya fomu na usajili nayaruka. Mnayajua.

Kitandani hadi langoni

Mjomba Wekesa ni kaka wa marehemu mama yangu. Alikuwa fundi wa breki za mabehewa ya reli hadi alipostaafu akajenga Njiru. Sasa ni mzee wa kanisa letu, lile la kanzu nyeupe na ngoma ambalo watu wetu walikuja nalo kutoka magharibi mwa nchi. Nililala kwao Jumamosi ile kwa sababu kesho yake yeye ndiye angeongoza msafara wa ibada, na mkewe, tunayemwita Mama Sikuku, alitaka mtu wa kumsaidia kupikia wageni. Mchana Mjomba alikuwa ametoka akisema anakwenda kuangalia mabati. Alirudi jioni bila mabati na bila la kusema kuhusu mabati.

Alfajiri nilisikia mtu akitembea sebuleni, akienda na kurudi. Nilipotoka nilimkuta ameketi kwenye mkono wa kochi, vesti imelowa jasho, kiganja kimelala kifuani kama mtu anayehakikisha barua bado iko mfukoni. Alisema ni gesi. Maharage ya jana hayakuiva. Mimi ndiye niliyeyapika, kwa hiyo nilinyamaza.

Mama Sikuku alimchemshia maziwa. Alikunywa nusu kikombe, akainama kwenye karai akayatapika. Alipoinama niliona mgongo wa vesti: madoadoa ya kahawia, madogo, yamepangika safu mbili chini ya bega la kushoto. Nilidhani ni mchuzi, kisha nikajiuliza mchuzi unafikaje mgongoni. Mama Sikuku alitaka kumbadilisha ile vesti. Mjomba aliishika kwa mikono miwili.

"Niache na nguo yangu, mama."

Kufikia saa moja na nusu wazee wenzake walikuwa wamefika kumchukua kwa ajili ya msafara. Walipomkuta katika hali ile, wakavua viatu. Kanisani kwetu mgonjwa haondolewi nyumbani kabla ya kuombewa kwenye pembe nne za nyumba, mtu mmoja baada ya mwingine, na mwenye fimbo ndiye humaliza. Desturi hiyo ilikuwa imeanza kulegea, Mjomba ndiye aliyeikaza. Ni mtu wa kanuni. Mwaka jana alimvua kanzu mama mmoja anayeitwa Truphena, anayeishi Lucky Summer, kwa kuwapiga watu chale na kuwapaka dawa za mizizi. Alimvua mbele ya kusanyiko lote, naye mama yule na Mama Sikuku walikuwa wamebatizwa siku moja.

Basi tuliomba. Waombaji walikuwa saba. Mjomba alikaa katikati, midomo imekuwa rangi ya majivu, akiitikia amina kila alipotakiwa. Nilijaribu kumnong'oneza mwenye fimbo kwamba tufupishe. Alinijibu kwa upole kwamba hata yeye angependa, lakini mwenye sheria ndiye huyo ameketi hapo. Tulifika langoni saa mbili na dakika ishirini.

Langoni hadi kliniki

Gari lilikuwa la Omosh, mpiga ngoma wetu, mtu wa makamo anayesambaza mayai Kayole na Umoja. Ni gari dogo la mizigo, na nyuma lilikuwa na trei kumi na mbili za mayai ya Jumatatu. Tulizishusha sita, tukakosa pa kuweka sita nyingine kwa sababu kuku wa jirani na mbwa wa nyumbani walikuwa wamekwisha kujipanga. Tukaondoka nazo. Mama Sikuku mbele, mimi na Mjomba nyuma, na kila tuta Omosh alilipanda kama mtu anayepanda kitanda cha mgonjwa.

"Omosh, ongeza," nilimwambia.

"Nikiongeza mzee ataruka, na mayai yataruka. Tulia, siz. Nitatufikisha."

Kliniki iko kando ya Barabara ya Kangundo, vyumba viwili na benchi. Mhudumu alikuwa mama kijana aliyevaa sweta juu ya koti jeupe. Alimbonyeza Mjomba tumbo, akamuuliza anakula saa ngapi, akaandika kwenye kadi: vidonda vya tumbo. Alimpa dawa nyeupe ya maji, nzito kama chokaa. Mjomba akacheua kwa nguvu. Mama Sikuku akasema amina, Omosh akasema amina, na sitaficha, hata mimi moyo ulitua. Omosh alikuwa amekwisha kutoka nje kununua mandazi. Tulikuwa tunarudi nyumbani, jamani. Nusu saa nzima tulikaa pale tukitafuna mandazi na kusubiri dawa imalizie kazi.

Kilichotuokoa ni jino. Mjomba alishika taya la kushoto akamwambia mhudumu ampe na ya jino, maana nalo limeanza. Mhudumu akamwambia afungue mdomo. Akachungulia kwa muda.

"Lipi, mzee?"

"Hili la huku."

"Huku huna hata moja."

Aliweka kalamu chini. Akaingia ndani, akarudi na vidonge vya aspirini, akamwambia avitafune, asivimeze vizima. Kisha akaniambia mimi, kwa sauti ya chini, kwamba pengine amekosea, kwamba huenda huu ni moyo, na kwamba yeye hana kipimo. Twende palipo na ile mashine ya kuchora mistari ya moyo, tusipitie nyumbani. Wengi wenu mmemlaumu mama yule. Mimi simlaumu. Alikosea mbele yetu na akajirekebisha mbele yetu, na ile aspirini, daktari alituambia baadaye, ndiyo iliyokuwa hatua ya kwanza sahihi siku nzima. Ila hakuifuta ile kadi, nasi tuliibeba.

Kliniki hadi mashine ya mistari

Karibu na njia ya Kayole tulisimamishwa na msafara wa kanzu nyeupe uliokuwa ukivuka barabara kwa ngoma na bendera. Walikuwa wetu, wa tawi jingine. Walimtambua Mjomba kupitia kioo na ngoma zikanyamaza. Mwenye bendera alikuwa ameshaanza kuinua mkono. Omosh, naye akiwa ndani ya kanzu yake, alitoa kichwa dirishani.

"Wapendwa, huyu tumemuombea pembe zote nne. Tanki imejaa. Tupisheni."

Ni mara ya kwanza kumsikia mtu wa kanisa letu akikataa maombi. Walitupisha.

Hospitali yenye mashine ni ya ghorofa mbili, na mlinzi alituelekeza wodi ya kina mama wazazi kwa sababu alimwona Mama Sikuku akishika kiuno. Tukapotea, tukarudi. Mashine ilikuwepo. Ilikuwa ndani ya kabati, na mwenye ufunguo wa kabati alikuwa ibadani. Alipigiwa simu, hakupokea kwa sababu alikuwa ibadani. Tulikaa dakika hamsini. Nilimnunulia Mama Sikuku yai la kuchemsha lenye kachumbari pale langoni, akalishika mpaka likapoa, kisha akampa Omosh, ambaye alisema mayai hawezi kuyaona siku ya leo, kisha akalila.

Ufunguo ulipofika Mjomba alivuta vesti juu hadi shingoni, upande wa mbele tu, hakuivua. Wakambandika vile vishikizo. Karatasi ikatoka na ile mistari, na mimi nisiyejua kitu niliona tu kwamba palipopaswa kuwa na kijiti palikuwa na kilima. Afisa wa zamu aliitazama akiwa amesimama, akaitazama tena akiwa ameketi.

"Mshipa wa moyo umeziba," alisema. "Sisi hapa hatuna dawa yake. Nendeni mjini sasa hivi."

Ambulensi yao ilikuwa imetoka na mama mjamzito. Muuguzi mmoja alichukua mtungi mdogo wa oksijeni, akaingia nasi kwenye gari la mayai. Kwa kuwa hapakuwa na nafasi, alisafiri na trei mbili mapajani. Tulipoondoka ilikuwa saa tano na dakika arubaini.

Barabara ya Outering na ya Jogoo

Tulipofika Outering tulikata kushoto kwenda Donholm. Mjomba aligeuza shingo kulia, upande wa Baba Dogo, akaendelea kutazama huko hata baada ya kona.

"Jana nilipumzika pale mara mbili," aliniambia chini ya ile barakoa. "Kwenye ukuta ule."

"Ukienda wapi, Mjomba?"

Alifumba macho. Mama Sikuku alikuwa mbele akiimba kimya kimya, mdomo ukitembea. Hakusikia. Mimi kazi yangu mahakamani ni kuandika wanayosema mashahidi, na nimezoea kuweka jambo kando hadi jingine lije kukaa karibu nalo. Upande ule kuna Lucky Summer. Mabati hakununua. Doa la mchuzi haliwi safu mbili.

Jogoo Road walikuwa wakichimba bomba, njia moja imefungwa. Tulisota kuanzia Hamza hadi tukapita Makadara. Muuguzi alimpima Mjomba presha mara tatu katika umbali ambao mimi huutembea kwa miguu nikienda kununua chakula cha mchana. Tulipokaribia reli Mjomba aliinua kichwa kutazama kama kuna behewa. Hapakuwa na behewa. Akakilaza tena.

Chumba cha dharura

Daktari alikuwa mwanamke mfupi, macho mekundu ya kukesha. Aliisoma ile karatasi ya mistari akitembea, na kabla Mjomba hajalazwa vizuri alikuwa ameshapiga simu mbili. Akarudi akatueleza sote kwa pamoja, mimi, Mama Sikuku na mwenye fimbo aliyekuwa amefika kwa bodaboda.

Mshipa mmoja wa moyo umezibwa na damu iliyoganda. Njia bora ni kupitisha mpira mwembamba mkononi hadi moyoni na kuufungua mshipa kutoka ndani. Lakini hospitali ya kwanza aliyopiga ina mashine, na watu wake hawatakusanyika kabla ya jioni. Ya pili watu wapo, ila mashine imefunguliwa kwa matengenezo.

"Kama ningeweza kumfikisha huko ndani ya saa mbili, ningempeleka. Siwezi. Kuna dawa ya kuyeyusha hilo donge. Nina kichupa kimoja. Ila dawa hii haichagui damu ya kuyeyusha, kwa hiyo lazima nijue kama kuna mahali anapoweza kuvuja."

Akaanza kuuliza. Amewahi kupooza? Ameanguka na kuumia kichwa? Amepasuliwa karibuni? Hapo Mama Sikuku, kwa nia njema kabisa, akatoa ile kadi ya kliniki. Daktari akaisoma na mkono uliokuwa na kichupa ukashuka.

"Ana vidonda vya tumbo? Vimewahi kutoa damu?"

"Ndivyo walivyosema," akasema Mama Sikuku.

Nilieleza kwa haraka kwamba vidonda hivyo vilizaliwa saa tatu asubuhi ya leo, juu ya benchi, na aliyeviandika mwenyewe alivikana. Daktari alinitazama, akamuuliza Mjomba kama amewahi kutapika damu au kwenda haja nyeusi. Hapana. Akauliza la mwisho: una kidonda chochote kingine, umekatwa popote?

Mjomba alimtazama mkewe, akamtazama mwenye fimbo.

"Sina," alisema.

Daktari alisema abaki mtu mmoja tu. Mama Sikuku alinisukuma mimi mbele, kwa kuwa nimezoea Kiingereza cha wakubwa, akatoka na mwenye fimbo. Pazia likavutwa. Nilikuwa na mambo mawili ya kusema na sikujua lipi ni langu kulisema.

"Mjomba," nikasema, "mgongo."

Alitazama kama pazia limefungika. Kisha akajigeuza mwenyewe ubavu, na muuguzi akainua vesti. Chale zilikuwa kumi na mbili, sita juu, sita chini, zimepakwa kitu cheusi.

"Lini?" daktari akauliza.

"Jana saa kumi."

"Wembe mpya?"

"Mpya. Nilinunua mwenyewe."

"Kwa nini ulikwenda?"

"Kifua kilikuwa kimeanza. Saa tisa hivi. Nikiwa nyumbani wangeona. Nikasema niende kwa anayejua na asiyeweza kunisema." Akapumua. "Mimi ndiye nilimfukuza."

Hapo ndipo nilipoelewa kilichosimama mbele yetu. Chale ni ndogo, daktari alisema, zinabonyezeka, pahali pa kubonyeza panaonekana. Anachokiogopa ni kichwa, ambako hakuna wa kuweka kidole. Lakini saa. Dawa hii ina muda wake, na baada ya nusu siku faida inapungua huku hatari ikibaki palepale. Ikiwa ugonjwa ulianza Jumapili saa kumi na mbili, tuna nafasi. Ikiwa ulianza Jumamosi saa tisa, tumechelewa. Alimuuliza mara tatu, kwa maneno tofauti, kama nilivyoona mawakili wazuri wakifanya. Jana yalikuja na kwenda? Yalikuja na kwenda. Ulilala? Nililala. Uliamka huna kitu? Niliamka kwenda msalani nikiwa mzima. Na asubuhi?

"Asubuhi yalikuja yakaketi."

"Basi tutahesabu kutoka yalipoketi," alisema. Akamwambia waziwazi kwamba watu wachache wakipewa dawa hii huvuja damu kichwani, na baadhi yao hawarudi. Akikaa bila dawa, moyo unakufa kipande baada ya kipande, na vipande hivyo havirudi. Achague.

"Piga," alisema Mjomba. Kisha akanigeukia. "Na Mama Sikuku asijue."

Yaliyofuata nimewaambia mwanzoni. Sikufika kumi nikihesabu. Kisha hapakutokea chochote. Tulisubiri. Chale zilianza kuvuja, zote kumi na mbili, taratibu, na muuguzi aliyekuja na sisi, ambaye zamu yake ilikuwa imekwisha zamani, alizibonyeza kwa pamba na kitambaa bila kunung'unika. Ilipokaribia saa nane na nusu mashine ya mapigo ikapiga kelele, mistari ikavurugika kama maandishi ya mtu aliyesukumwa. Nilisimama. Daktari aliitazama ikivurugika, ikatulia, na kwa mara ya kwanza nikamwona akitabasamu.

"Mara nyingi hivi ndivyo mshipa unavyofunguka," akasema.

Mjomba alisema taya limeacha. Baadaye akasema kifua kimebaki kama mahali palipokuwa na jiwe. Walipochora mistari tena, kile kilima kilikuwa kimeshuka zaidi ya nusu.

Mama Sikuku aliporuhusiwa kuingia aliona kitambaa mgongoni chenye damu. Muuguzi alimwambia dawa hii hufanya watu wavuje kidogo, jambo ambalo ni kweli. Mama Sikuku alitazama kitambaa, akatazama vesti iliyokunjwa kwenye kiti. Aliichukua akaitia mkobani kwenda kuifua.

Kurudi Njiru

Alikaa wodini siku sita. Kichwa chake ni kizima, anakumbuka hata namba za mabehewa. Omosh alipoteza mayai manne tu katika safari nzima, na matatu kati ya hayo aliyavunja mwenyewe wakati wa kuyashusha.

Truphena alinipigia simu siku ya tatu. Hakusalimu. Aliuliza kama wembe umeua mtu. Nilimwambia haujaua. Alisema alimwambia Mjomba siku ile kwamba maumivu yale si ya wembe, aende hospitali, na Mjomba akamjibu kwamba hospitali watauliza maswali. "Nikamkata kidogo tu, ili arudi nyumbani akiwa ametulia," alisema. Kisha akaniuliza kama wamesema lolote kanisani. Nilimwambia hapana. Akakata simu.

Daktari alitueleza siku ya kutoka kwamba dawa iliyeyusha donge, lakini palipolishika donge hilo bado ni pembamba. Mpira ule unahitajika bado, na ingefaa uwe umekwishapita siku ya pili ile ile. Hospitali yenye mashine ya mpira walisema watapiga simu nafasi ikipatikana. Alituandikia barua ya kwenda nayo. Nilimwona akiiandika: saa ambayo maumivu yalikuja mara ya kwanza, saa ambayo yaliketi, na chale kumi na mbili mgongoni, siku moja kabla. Aliandika kila kitu, kama ilivyompasa, kwa sababu atakayepitisha mpira atahitaji kujua.

Bahasha haikubandikwa gundi. Mama Sikuku aliichukua mkononi mwa daktari kabla yangu na kuitia ndani ya Biblia yake, na huko ndiko iliko. Kiingereza anakijua, alifundisha darasa la nne miaka mingi kabla sijazaliwa. Jana nilikuwa kwao. Mjomba ameketi kwenye kochi lile lile, simu imelala kwenye mkono wa kochi, haijalia. Vesti ilikuwa kwenye kamba, nyeupe kabisa. Mama Sikuku alinimiminia chai, akaniuliza habari za kazi, akaniuliza kama Truphena wa Lucky Summer bado ana namba ile ile.